Mtoto mwenye mahitaji maalum akipangiwa operesheni: jinsi ya kumuandaa, na kumuuguza mkirudi nyumbani

Wazazi wenzangu, hii naiandika kwa ajili ya yule mama au baba ambaye katoka kliniki leo na karatasi yenye tarehe ya operesheni, mtoto wake ana usonji, au mtindio wa ubongo, au Down sindromu, au kifafa, au haongei kabisa, na kichwani anawaza huyu hata kukatwa kucha ni vita, sasa thieta itakuwaje. Wangu ana usonji, haongei, na alitolewa tonsesi pamoja na nyama za puani kwasababu usiku alikuwa anakoroma mpaka pumzi inakata, kwahiyo mifano mingi itatoka huko, ila nimekaa wodini na kina mama wa watoto wa kila aina na mengi nimeyapata kwao na kwa manesi.

Kitu kimoja nataka ukishike mapema. Daktari anaijua operesheni, we unamjua mtoto. Maandalizi yote maana yake ni kwamba hayo unayoyajua wewe yafike kwa watu watakaokuwa na mtoto wako pale ambapo we haupo, maana kuna mlango utafika utaambiwa mama subiri hapa. Mtoto anayeongea ataingia ndani atasema naumwa, nataka maji, naogopa. Wako hawezi, kwahiyo lazima awe ameshasemewa.

Kliniki, kabla ya tarehe

Mtu ambaye wazazi wengi hawamfikirii ni daktari wa usingizi. Tunamuuliza maswali daktari wa upasuaji tu, wakati kwa watoto wetu mara nyingi ugumu haupo kwenye kisu, upo kwenye usingizi, yaani nusu kaputi yenyewe na jinsi mtoto anavyopumua. Omba kumuona huyu daktari kabla ya siku ya operesheni, sio asubuhi ya siku yenyewe mlangoni mwa thieta. Ukimuona usisubiri akuulize, mwambie yote: dawa zote anazokunywa mtoto ikiwemo za kifafa na za usingizi, dawa za asili na mafuta ya kunywa aliyoletewa na bibi (sema tu, hakuna wa kukugombeza, na kuna dawa za mitishamba zinaongeza kutoka damu), kama ana selimundu au kwenu kuna selimundu na hajapimwa, kama anakoroma na kushtuka usiku, kama anapaliwa akila au kifua kinabana mara kwa mara, kama kuna ndugu wa damu aliwahi kupata shida kubwa akipewa nusu kaputi, na kama ana jino linalotikisika. Hilo la jino wengi wanaliona dogo ila watoto wa miaka 6, 7 ndo wanang'oka meno, na jino likitoka wakati wanaweka mpira wa kupumulia linaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Kuna mambo ya kila hali pia. Mtoto mwenye Down sindromu, karibu nusu yao wanazaliwa na tatizo la moyo, kwahiyo kama hajawahi kupigwa picha ya moyo ulizia kabla ya operesheni yoyote hata kama ni ya macho, alafu mkumbushe daktari wa usingizi kuhusu shingo, maana mifupa ya juu ya shingo kwa watoto hawa inaweza kuwa imelegea na kichwa kinatakiwa kigeuzwe taratibu sana akiwa amelala. Mtoto wa mgongo wazi, uliza kuhusu glovu, watoto hawa wengi wanapata mzio wa mpira asilia kwasababu wameguswa na glovu na mipira ya hospitali toka wachanga, na kama ulishawahi kuona akichezea puto midomo inavimba au anatoka vipele hilo liandikwe kwenye faili kwa kalamu nyekundu. Mtoto wa kifafa, usimkatishe dawa mwenyewe eti kwasababu anatakiwa asile. Uliza waziwazi, dozi ya asubuhi ya operesheni anakunywa au hanywi? Mara nyingi wanaruhusu na funda dogo la maji, kwasababu degedege ndani ya thieta ni hatari kuliko hilo funda.

Hapohapo kliniki omba vitu hivi, na omba mapema maana siku yenyewe kila mtu ana haraka. Awe wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo, ili njaa na kusubiri visimvuruge. Kama kuna dawa ya kunywa ya kumtuliza kabla ya kuingia, apewe. Kama inawezekana uingie nae mpaka asinzie, na uitwe kabla hajaamka vizuri. Kama sindano ni mgogoro mkubwa, uliza kama anaweza kulazwa kwanza kwa hewa ya maski alafu kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, iwekwe akiwa ameshalala. Na kanula isiwekwe kwenye mkono anaoutumia, nikimaanisha mkono anaonyonya kidole, au anaoonyeshea vitu, au kwa mtoto kiziwi ule anaoongelea ishara. Hospitali zetu hazitakubali kila kitu, nafasi ni finyu na utaratibu ni wao, ila nimeona mara nyingi wanakubali zaidi ya tunavyodhani ukiomba kwa heshima na ukaeleza sababu.

Kingine kizuri sana: uliza nini kingine kinaweza kufanyika akiwa amelala. Watoto wetu kuchukuliwa damu ni watu watano kumshika. Sasa kama yupo usingizini tayari, damu ya vipimo inaweza kuchukuliwa, meno yakaangaliwa, masikio yakasafishwa, hata kucha zikakatwa. Hii lazima ipangwe kabla kwasababu daktari wa meno hawezi kutokea tu mlangoni.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Hospitali kubwa za umma Tanzania zina ofisi ya ustawi wa jamii, kama uwezo ni mdogo nenda pale kabla ya kulazwa, sio siku ya kuruhusiwa wakati bili imeshasimama. Walio Kenya hakikisha mtoto ameingizwa kwenye bima ya afya ya SHA kama mtegemezi wako, ile ya zamani ya NHIF ilishaisha 2024. Ulizia pia kama mtahitajika kuchangia damu na muwaandae ndugu mapema, na kama anayetakiwa kusaini fomu ya ridhaa ni baba na yupo safarini ujue hilo sasa. Kwa wanaotoka mkoani kuja Muhimbili, iwe ni moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete au kichwa kikubwa na mgongo wazi pale MOI, taasisi ya mifupa, jitahidini kufika siku kadhaa kabla. Mtoto wa usonji akishuka kwenye basi la usiku na kupelekwa wodini moja kwa moja anaanza na hasira zote za safari, na usingizi hana.

Karatasi ya mtoto

Hiki ndo kitu ningekuambia ufanye hata kama mengine yote yatakushinda. Karatasi moja, upande mmoja, maandishi makubwa, nakala tatu: moja kwenye faili, moja ibandikwe kitandani, moja ibaki na wewe. Usiandike historia ya ujauzito, hakuna nesi wa zamu ya usiku mwenye muda nayo. Andika mtu asiyemjua anahitaji nini ndani ya dakika moja. Ya kwetu ilikuwa inaenda hivi:

*Naitwa fulani, nina miaka saba, nina usonji. Siongei lakini naelewa maneno mengi, niambie unachotaka kufanya kabla hujanigusa. Sema sentensi fupi, alafu subiri, nachelewa kujibu. Sipendi kushikwa kichwani. Kelele za vyuma na mashine zinaniumiza, niachie hedifoni zangu mpaka nilale. Nikiogopa nazunguka na kupiga makofi, sio utundu, niache. NIKIUMWA SILII. Nanyamaza, nakunja vidole vya miguu, na napiga kidevu kwa ngumi. Nikifanya hivyo naomba dawa. Nikitaka maji navuta mkono wa mtu. Natulia nikipewa khanga ya mama na nikiimbiwa kwa sauti ndogo. Sina mzio wa dawa. Natumia dawa hizi, muda huu.*

Hapo kwenye kuumwa ndo pa kukaa na kufikiria kwa utulivu, muulize na bibi yake na dada wa kazi na mwalimu, kwasababu kila mtu kaona kitu chake. Kuna watoto wakiumwa wanacheka. Kuna wanaolala tu. Kuna wa mtindio wa ubongo wanakakamaa mwili mzima na watu wanafikiri ndo hali yake ya siku zote. Nesi asipojua kawaida ya mtoto hawezi kujua kwamba hii sio kawaida, na mtoto atakaa na maumivu masaa mengi huku kila anayepita anasema huyu mpole kweli.

Kama anatumia miwani, mashine ya kusikia, au picha za kuonyeshea, andika kwamba arudishiwe mara tu anapoamka. Fikiria mtoto anaamka hasikii, haoni, mdomo una ladha ya dawa, na mama hayupo.

Mazoezi ya nyumbani

Wiki mbili au tatu zinatosha kuanza, ila usimwambie mtoto habari ya operesheni mapema hivyo. Mazoezi yanaanza kama michezo. Habari yenyewe unamwambia kulingana na anavyobeba wasiwasi, kuna wa kuambiwa siku tano kabla na kuna wa kuambiwa jana yake. Mtoto asiyejua wiki ni nini ukimwambia wiki ijayo utamtesa bure.

Vinavyomshtua mtoto thieta vingi unaweza kumzoesha navyo nyumbani. Maski: kama ulishawahi kutumia mashine ya kuvuta mvuke wa pumu unayo tayari, kama huna omba moja kliniki au tumia hata kikombe laini cha plastiki, weka kwanza kwa mdoli, alafu kwako, alafu kwake sekunde mbili, kesho tano, mnahesabu pamoja. Kibanio cha kidole cha kupimia oksijeni, mzoeshe kwa kibanio cha nguo kilicholegea. Plasta kwenye ngozi, bandika kipande mkononi ukitoe kwa mafuta. Utepe wa jina mkononi, funga kitambaa akae nao siku nzima, kuna watoto wataukata kwa meno ndani ya dakika tatu na bora ujue hilo nyumbani. Gauni la hospitali lile la kufungwa nyuma, mvalishe shati lako kinyumenyume. Na kulazwa kwenye kitanda kinachotembea ukiangalia dari, hata toroli la sokoni linafaa.

Picha zinafanya kazi kuliko maneno. Siku ya kliniki omba ruhusa upige picha za geti, korido, kitanda cha wodini, mlango wa thieta kwa nje, nguo za kijani, alafu uzipange kwenye simu au uzichapishe zifuatane: nyumbani, gari, hospitali, gauni, maski, kulala, kuamka na mama, barafu, nyumbani. Ile ya mwisho ya nyumbani usiisahau, watoto wetu wanataka kujua kitu kinaishia wapi. Pitieni kila jioni bila maelezo marefu. Ukimwambia sema ukweli. Ukisema hauumii na ukauma, safari ijayo hata mlango wa hospitali hamvuki. Sema kitauma kidogo alafu mama atakupa dawa.

Na hapa naomba sana kitu kimoja kwa familia nzima, kile kitisho cha "ukilia ntamuita daktari akuchome sindano" kisisikike tena ndani ya nyumba. Wajomba, mashangazi, majirani, wote waambiwe. Mtoto asiyeweza kuuliza anachukua maneno kama yalivyo, na siku akimuona huyo daktari kweli anajua amekuja kuadhibiwa.

Kama ni operesheni ya tonsesi au ya mdomo wazi (mdomo sungura), anza na chakula pia. Watoto wengi wa usonji wanakula vitu vinne tu na vyote vikavu na vikali kwenye koo, chips, mkate uliokaushwa, biskuti. Baada ya operesheni atahitaji vitu laini na vya baridi kwa siku kadhaa, na sio wakati wa kumtambulisha uji kwa mara ya kwanza. Anza mapema, kijiko kimoja cha mtindi, ndizi mbivu iliyopondwa, barafu ya maziwa, mpaka upate vitu viwili vitatu anavyovikubali. Chagua pia kikombe anachokipenda na kiende hospitali.

Mafua, njaa, na usiku wa kuamkia

Akipata mafua, kikohozi au homa ndani ya wiki mbili kabla, piga simu useme. Usifiche ukiogopa kusogezewa tarehe. Njia ya hewa yenye mafua inaweza kubana ghafla akiwa na dawa ya usingizi, na kusogeza wiki kadhaa ni afadhali mara mia. Najua inauma kama umeshasafiri na umeshaomba ruhusa kazini.

Njaa sasa. Sababu ya kufunga ni kwamba akilala kwa dawa koo halijilindi, chakula kikipanda kinaingia kwenye mapafu. Kanuni ya kawaida ni masaa 6 bila chakula wala maziwa ya ng'ombe au ya kopo, masaa 4 bila maziwa ya mama, na masaa 2 bila maji matupu, ila fuata uliyopewa na hospitali yako. Wengi wanaambiwa tu asile wala asinywe kuanzia saa sita usiku wakati operesheni ni saa tano asubuhi, kwahiyo uliza maji matupu mwisho ni saa ngapi, hasa kwa mtoto mdogo, mwenye selimundu au anayekakamaa, maana kukaukiwa maji kunamuumiza. Mtoto wa kujihudumia jikoni mwenyewe usiku, funga jiko na ufunguo uvae shingoni. Angalia mifuko ya nguo, chini ya mto, kwenye gari, biskuti moja inaahirisha kila kitu. Wengine wa nyumbani wanywe chai mbali na macho yake, na harufu ya vitumbua isipite chumbani.

Begi la hospitali: khanga au shuka linalonuka nyumbani (usilifue), hedifoni, simu yenye video alizozizoea zikiwa zimeshushwa maana intaneti ya wodini haiaminiki, pawabenki, nepi hata kama alishaacha, nguo pana za vifungo mbele ili zisipite kichwani, kikombe, dawa zake zote kwenye makopo yake halisi, na zile karatasi.

Kuamka

Jiandae na hili usije ukazimia we badala ya mtoto. Watoto wengi, hata wasio na hali yoyote, wanaamka kutoka nusu kaputi wakilia kwa fujo, wanarusha mikono, wanakuangalia na hawakujui. Ni dawa inatoka mwilini, mara nyingi nusu saa hivi inapita, na baadae hakumbuki. Usianze kumuongelesha sana. Punguza mwanga kama inaruhusiwa, mfunike na ile khanga, ongea maneno machache yaleyale, na mshike kama anavyopenda kushikwa, na kama hapendi kaa tu karibu. Muombe nesi aizungushie bandeji kanula mpaka isionekane, kitu asichokiona hakivuti. Kutapika mara moja mbili ni kawaida.

Dawa ya maumivu usisubiri alie. Hili nalisema kwa herufi zote. Siku za mwanzo inatolewa kwa saa, usiku na mchana kama ilivyoandikwa, kwasababu maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi na mtoto akiumwa hanywi, asipokunywa anaumwa zaidi. Manesi wana kipimo cha watoto wasioongea, wanaangalia vitu 5, uso, miguu, mwili kutulia au kuhangaika, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja kina alama 0 mpaka 2. Kuna toleo la kipimo hicho lililotengenezwa kwa watoto wenye ulemavu ambapo mzazi anaongezea dalili za mtoto wake, na hata kama wodi yako hawalitumii, karatasi yako inafanya kazi hiyohiyo. Nyumbani endelea nacho mwenyewe.

Parasetamo inapimwa kwa uzito, sio kwa umri, na watoto wetu wengi ni wepesi au wazito kuliko wenzao, kwahiyo apimwe kabla ya kutoka na uandikiwe ni mililita ngapi, kila baada ya masaa mangapi. Usichanganye na dawa ya mafua ya dukani, nyingi zina parasetamo ndani na unamzidishia bila kujua. Aspirini hapana. Dawa zenye kodeini pia hapana, Marekani walizipiga marufuku baada ya operesheni ya tonsesi za watoto mwaka 2013 na mwaka 2017 wakaongeza kwa watoto wote chini ya miaka 12, kwasababu miili mingine inaigeuza haraka mno na mtoto anapunguza kupumua.

Wiki za nyumbani

Tonsesi zina tabia ya kudanganya. Siku mbili za kwanza anaweza kuonekana yupo sawa, alafu siku ya tatu mpaka ya tano ndo maumivu yanazidi, na sikio linauma pia japo halijaguswa. Koo litakuwa na utando mweupe na harufu mbaya, sio usaha. Hatari ni damu, masaa 24 ya mwanzo, na tena kati ya siku ya 5 na ya 10 utando unapobanduka. Mtoto anayeongea atasema natema damu, wako angalia kumeza, akiwa anameza mara kwa mara hata usingizini anaweza kuwa anameza damu. Ukiona damu mbichi nyekundu ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na kwa sababu hiyo usimpe barafu za ubuyu wala juisi nyekundu kipindi hicho, akitapika hutajua ni ubuyu au ni damu. Ukwaju na machungwa yanachoma. Maji maji maji, kidogokidogo kila wakati, hata kwa bomba la sindano pembeni ya shavu. Akipitisha masaa 8 mpaka 12 bila kukojoa mpeleke.

Kwa wenye mtindio wa ubongo waliorefushwa misuli au kunyooshwa miguu, shida ni tofauti. Misuli inakakamaa ndani ya plasta gumu na inauma vibaya sana hasa usiku, parasetamo peke yake haigusi, muulize daktari kuhusu dawa ya kulegeza misuli kabla hujaruhusiwa. Mgeuze kila masaa mawili, vidole viangalie mara nyingi siku za kwanza, vikiwa baridi, vya bluu, vimevimba sana au hasikii ukigusa, rudi hospitali usisubiri kliniki. Usiingize spoku wala rula ndani kumkuna. Mpe maji na matunda, papai, maana kulala na dawa vinamfungisha choo na choo kikifunga kukakamaa kunaongezeka. Akila awe amekaa wima kadri inavyowezekana. Usafiri wa kurudi upange kabla, mtoto mwenye plasta mpaka kiunoni haingii kwenye daladala wala bajaji, na nyumbani mtabeba wawili, migongo ya kina mama inaharibika hapa.

Mgongo wazi, mtoto hasikii sehemu ya chini, kwahiyo kagua ngozi kila siku kwa macho, wekundu usiopotea ndo kidonda kinaanza. Usimuweke chupa ya maji moto. Na kama kawekewa mrija wa kutoa maji kichwani, kutapika, kulala kupita kiasi, homa, macho kuangalia chini muda wote, utosi kuvimba, usianze na dawa ya malaria kwanza nyumbani, nenda.

Kidonda anachokifikia kwa mkono atakikwangua. Uliza kabla kama nyuzi zitakuwa za kuyeyuka zenyewe, hiyo inakuokoa na vita ya kutoa nyuzi. Nguo ya kipande kimoja iliyovalishwa zipu ikiwa mgongoni inasaidia. Kwa mtoto wa mdomo wazi wanaweza kukupa vya kuvaa kwenye viwiko asikunje mikono kufika usoni, uvivue mara kwa mara kwa zamu akiwa mikononi mwako.

Wageni. Kwetu mgonjwa huja kuonwa, ni upendo na sitaki kuukataa, ila mtoto wa usonji aliyetoka operesheni hawezi watu kumi sebuleni kila mmoja na manukato yake na pole yake na kutaka kumuinua kidevu aone. Mpe shangazi mmoja mwenye kauli kazi hiyo: apokee watu nje, apokee na juisi, na aseme mtoto amelala. Hakuna atakayekasirika akiambiwa na mkubwa.

Tegemea arudi nyuma kidogo. Kukojoa kitandani, kutotaka kulala peke yake, kupoteza neno moja au mawili aliyokuwa nayo, kujipiga. Kwa wengi inachukua wiki chache. Usimuadhibu, rudisha ratiba ya siku haraka uwezavyo, chai saa ileile, kuoga saa ileile, katuni ileile. Lakini kujipiga kukizidi ghafla au mahali pamoja, fikiria maumivu kwanza kabla ya tabia, sikio, kidonda, jino, choo.

Kabla hujasaini kutoka wodini omba upewe kwa maandishi operesheni gani imefanyika, dawa gani za usingizi na za kutuliza alipewa na zilimchukuaje, kama kuweka mpira wa kupumulia kulikuwa rahisi au kugumu, na tarehe ya kurudi. Piga picha karatasi hiyo ubaki nayo kwenye simu, tuma na kwa baba yake. Alafu chukua ile karatasi ya mtoto, ongeza kwa kalamu yale mapya uliyoyaona safari hii, nini kilimtuliza, nini kilimtia hofu, alionyeshaje maumivu, uiweke kwenye faili lake, kwasababu wengi wa watoto wetu hawaendi thieta mara moja tu.